Nianze na danki ipi? Jibu kwa kijana anayegusa ringi kwa ncha za vidole

Kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Kocha, shikamoo. Nina miaka 23, urefu sentimita 181, uzito kilo 78. Nacheza basketi ya mtaani tu, si ya ligi. Nikikimbia nikaruka nagusa ringi kwa ncha za vidole. Nataka kudanki, tena si danki moja: ya mikono miwili, ya kinyume, windimili, ya kuzunguka, na ile ya kupitisha mpira kati ya miguu. Nianze na ipi? Au nisubiri kwanza ya kawaida ikubali? Halafu goti la kushoto huniuma kidogo chini ya pia ya goti siku ya pili baada ya mazoezi. Na kwa umri huu sijachelewa?"

Marahaba, kijana wangu. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili vijana wengi huliendea kinyume, wakaumia, wakaacha.

Usisubiri. Kudanki ni kuruka na kuuingiza mpira kwenye ringi kwa mkono kutoka juu, na aina za danki ni ufundi wa mikono, macho na kujua wakati gani ufanye nini ukiwa hewani. Ufundi huo unajifunzwa kwenye ringi iliyoshushwa, kuanzia wiki hii, kwa mruko huohuo ulio nao. Kuongeza mruko ni kazi nyingine kabisa, kazi ya misuli na kano, na inakwenda kwa miezi. Zifanye zote mbili, lakini kila moja na siku yake. Anayesubiri mpaka ringi ya kawaida imkubali, siku mruko ukifika anakuta mikono haijui chochote. Na anayejaribu windimili, danki ya kuzungusha mkono kwa duara kubwa, kwenye ringi ya kawaida huku hata danki ya kawaida hajaipata, anaufundisha mwili kukosa. Kila jaribio linaishia kwenye ukingo wa ringi, na baada ya muda mwili unazoea kuuachia mpira kabla ya wakati.

Sasa vipimo. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni. Mwaka 1891 pale Springfield, Massachusetts, James Naismith alitundika vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi wa mazoezi. Roshani ilikuwa na kimo cha futi 10, yaani hizo mita 3.05, na kimo hicho hakijabadilika mpaka leo. Kipenyo cha ringi ni sentimita 45, na mpira namba 7, ule wa kawaida wa wanaume, una kipenyo cha kama sentimita 24. Kwa kuwa mpira lazima uvuke ukingo, kugusa ringi bado si kudanki. Kwa danki ya mkono mmoja, ncha za vidole zinatakiwa zifike sentimita 15 hadi 20 juu ya ringi, yaani ukingo uwe karibu na kifundo cha mkono wako.

Kapime mfikio wako. Simama ukiegemea ukuta ubavu, visigino chini, nyosha mkono mmoja juu kadiri unavyoweza, mwenzako aweke alama. Kwa urefu wako huenda ukapata kama sentimita 235, ingawa mwenye mikono mirefu hupata zaidi na mwenye mikono mifupi hupungukiwa. Tukichukua 235, basi unaporuka ukagusa ringi mruko wako ni sentimita 70. Danki ya kwanza inakutaka 85 hadi 90. Pengo hilo si dogo, na anayekuahidi kuliziba kwa wiki sita anakudanganya. Lakini linazibika. Spud Webb, mwenye urefu wa takriban sentimita 170 tu, alishinda shindano la danki la NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1986 pale Dallas, na Nate Robinson wa sentimita 175 alilishinda mara 3: 2006, 2009 na 2010. Hao walijaliwa mruko wa pekee, sikufichi. Wewe unawazidi urefu, na hutaki kuwashinda. Unataka ringi moja ya Morogoro ikukubali.

Hiyo ringi yenyewe ipime pia. Kwenye viwanja vingi vya shule na vya mitaani ringi zimechomelewa kwa kukisia. Nyingine ziko chini kidogo ya mita 3.05, nyingine zimepanda kwa sababu udongo ulio chini yake umeliwa na mvua. Unaweza kuwa unajilaumu kwa sentimita ambazo ni za fundi.

Kabla hatujagusa mitindo, tuzungumze juu ya goti, kwa sababu bila goti hakuna kitakachofuata. Maumivu yaliyo chini ya pia ya goti, yanayokuja kesho yake na si wakati wa kuruka, mara nyingi yanatoka kwenye kano inayounganisha pia na mfupa wa muundi. Ni maumivu ya warukaji, na kwa kawaida maana yake ni kwamba kano inabebeshwa kuliko ilivyojengwa. Kulala kitandani mwezi mzima hakuiponyi. Kunaipunguzia nguvu tu, na ukirudi inaanza upya. Punguza idadi ya miruko hadi nusu, kisha uipe kano kazi ya polepole. Egemea ukuta, shuka mpaka mapaja yakaribie kuwa sambamba na sakafu, kaa hapo sekunde 30 hadi 45, rudia mara 5 kwa mapumziko ya dakika moja au mbili. Fanya siku nyingi za wiki. Maumivu madogo wakati wa kushikilia yanavumilika, ila asubuhi inayofuata goti lisiwe baya kuliko jana. Likiwa baya zaidi, ulizidisha. Lakini goti likivimba, likikwama, likikuachia ghafla ukitembea, au likiuma usiku ukiwa umelala, acha kuruka na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Hapo si kazi ya kocha tena.

Hilo goti la kushoto linanipa na habari nyingine. Kama unatumia mkono wa kulia, nahisi unaruka kwa mguu mmoja, wa kushoto, kama unavyofanya lei-apu, ule mtupo wa kukimbia na kuuweka mpira kwenye ringi kwa ulaini. Au unaruka kwa miguu miwili na wa kushoto ndio unaotua mwisho na kufunga breki. Nataka ujue ni ipi kati ya hizo, kwa sababu hilo ndilo linaloamua danki zako zifuatane vipi. Orodha nyingi za danki zinapanga mitindo kwa uzuri, wakati uwezo wako unapangwa na jinsi unavyoondoka chini.

Mrukaji wa mguu mmoja anageuza kasi ya mbio kuwa mruko. Mguu wake unakaa sakafuni kwa muda mfupi mno, kama moja ya tano ya sekunde, kisha anasafiri mbele. Julius Erving alipoondokea mstari wa mtupo huru kwenye shindano la danki la ABA, ligi ya Marekani ya enzi hizo, pale Denver mwaka 1976, na Michael Jordan alipofanya hivyohivyo Chicago mwaka 1988, wote waliruka kwa mguu mmoja. Umbali wa kutoka ule mstari mpaka ubaoni ni mita 4.6, na bila mbio hauvukiki. Mrukaji wa namna hii danki zake za asili ni ya mkono mmoja, tomahoki, windimili, na baadaye ile ya kupitisha mpira chini ya paja, kwa sababu goti la mguu huru tayari linapanda lenyewe. Mrukaji wa miguu miwili anafunga breki, anashuka, anasukuma. Anapanda wima zaidi na anajizungusha kwa urahisi. Zake ni ya mikono miwili, ya kinyume, na mizunguko. Mac McClung, aliyeshinda shindano la NBA mwaka 2023, 2024 na 2025 akiwa na urefu wa sentimita 188, hutegemea sana miguu miwili. Hakuna iliyo bora. Jaribu zote mbili bila mpira, ukigusa ukuta wenye alama za chaki, siku mbili tofauti ukiwa umepumzika. Inayokupa urefu zaidi iwe ya kwanza. Ya pili usiitupe. Goti likichoka na moja, nyingine inakupa nafuu.

Kwa njia zote mbili, siri iko kwenye hatua mbili za mwisho. Hatua ya kabla ya mwisho inakuwa ndefu na ya chini, nyonga zinashuka kidogo na mikono inakwenda nyuma. Hatua ya mwisho inakuwa fupi na ya haraka, mguu unatua mbele kidogo ya mwili, na mikono inapanda kwa nguvu. Wengi wa mitaani hufanya kinyume: wanakimbia vizuri, wanafupisha hatua ya kabla ya mwisho kwa woga wa kuikaribia ringi, kisha wananyoosha hatua ya mwisho. Hapo kasi yote inakufia chini. Nimeona vijana wakipata sentimita kadhaa kwa kurekebisha hatua hizi tu, kabla hata hawajabeba chuma. Muombe mwenzako akurekodi kwa simu akiwa ubavuni kwako, si nyuma ya ringi, kisha uangalie polepole. Njoo pia kwa mshazari kutoka upande wa mkono wako wenye nguvu, maana ukija moja kwa moja katikati unaikuta ringi usoni na mkono hauna pa kupita.

Sasa ringi ya chini. Ukipata goli la kupandisha na kushusha, vizuri sana. Ukikosa, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea ringi kwa nondo ya milimita 16 yenye urefu wa kama mita moja na nusu, akaikunja kuwa duara la sentimita 45 kwa ndani na kuifunga kwenye bomba zito au kwenye ukuta imara usio na dirisha karibu. Alainishe maungio yote kwa tupa; hapo vidole vyako vitapita kwa kasi. Anza na urefu ambao unaweza kudanki ya mkono mmoja kwa raha bila kukimbia sana. Kwako nadhani ni kati ya mita 2.70 na 2.80. Usione aibu. Ringi hiyo ndiyo shule yenyewe, na wanaokucheka kiwanjani nao hawajafika kwenye ile ya juu.

Kwenye ringi hiyo anza na mkono mmoja. Tatizo la kwanza litakuwa kuushika mpira. Kama kiganja chako kinaukamata mpira namba 7 kikiuelekeza chini bila kuuangusha, umebarikiwa. Wengi hawawezi, nami sidhani unapaswa kungoja vidole virefuke. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuukunjia mpira kifundo cha mkono, ukauegemeza kwenye kigasha, ukaubeba hivyo mpaka juu na kuufungua kwenye ringi. Jizoeze ukitembea: ukunje mpira, zungusha mkono kama unachora duara, mpira usianguke. Ya pili ni kuanza na mipira midogo. Mpira wa tenisi kwanza, kisha mpira wa wavu, ambao una gramu 260 hadi 280 tu, kisha mpira wa kikapu namba 5, namba 6, ndipo 7. Wewe unayegusa ringi ya juu kwa vidole, mpira wa tenisi unaweza kuuangusha ndani ya mita 3.05 mapema kuliko unavyodhani, na siku hiyo ifurahie, maana njia ya mkono ni ileile.

Njia ya tatu naipenda kuliko zote kwa asiyeshika mpira. Udunde mpira kwa nguvu mbele yako ili upae juu karibu na ringi, kimbia mikono ikiwa mitupu, ruka, uudake juu na kuuingiza. Mikono mitupu inayumba kwa nguvu zake zote, na kuyumba huko kunaongeza urefu ambao kubeba mpira hukunyang'anya. Ugumu ni kulenga muda. Dunda mpira mapema zaidi ya akili inavyokwambia, ukaukute ukiwa unaanza kushuka.

Mikono miwili inakuja baadaye kidogo, ingawa inaonekana rahisi. Haitaki kiganja kikubwa, lakini mabega yote mawili yanapopanda pamoja unapoteza sentimita kadhaa za mfikio ukilinganisha na mkono mmoja ulionyooshwa huku bega jingine likishuka. Mrukaji wa miguu miwili ataipata haraka. Wewe, kama ni wa mguu mmoja, usiifanye kipimo cha uanaume.

Danki ya kinyume nayo si ya kutisha. Unapita chini ya ringi, unaondoka ukiwa karibu kuivuka, unatazama juu kwa nyuma na kuingiza mpira mgongo ukiwa kwenye ubao. Wanaokosa ni wale wanaoruka mapema mno wakagonga ukingo wa mbele. Kichwa kikigeuka kuitafuta ringi, mabega yanafuata. Igawanye: kwanza lei-apu ya kinyume mpaka ikuchoshe, kisha danki kwenye ringi ya chini.

Tomahoki ni mkono mmoja uliopelekwa nyuma ya kichwa, kiwiko kimekunjwa, halafu ukashushwa kwa nguvu kama anayepasua kuni. Inataka bega jepesi na mpira usioteleza. Ukiishaweza kubeba mpira kwa kuukunjia kifundo, tomahoki iko mlangoni.

Windimili ndiyo nitakayokaa nayo, kwa kuwa ndiyo inayowatesa wengi. Mkono unashusha mpira toka kifuani, unapita karibu na nyonga, unakwenda nyuma, unapanda kwa duara kubwa mpaka juu ya ringi. Kosa kubwa ni kuianza ukiwa umefika kileleni. Tazama hesabu hii. Mruko wa sentimita 70 unakuweka hewani kwa kama robo tatu ya sekunde, na nusu yake tu ndiyo ya kupanda. Katika muda wote huo wa hewani, nusu unaitumia kwenye robo ya juu ya mruko, ndiyo maana warukaji wazuri wanaonekana kana kwamba wameganda angani. Robo hiyo ya juu ni ya kumalizia tu. Mpira unatakiwa uwe umeshapita nyonga wakati miguu inaacha sakafu au mara tu baada yake, ili ukifika juu mkono nao unafika juu. Kwa hiyo windimili inaanza chini, ndani ya hatua ya mwisho. Ifanye kwanza umesimama, ukiwa na mpira wa wavu. Kisha ukitembea hatua mbili. Kisha kwa kuruka bila ringi, mtu akikwambia kama mpira umefika juu pamoja na kichwa. Ndipo ringi ya chini. Duara liwe dogo mwanzoni. Dominique Wilkins, aliyeshindana na Jordan ile siku ya 1988, ndiye wa kumtazama ukitaka kuona windimili ya nguvu za miguu miwili, na video zake zinapatikana kwa urahisi. Mtazame miguu kabla ya mikono.

Mzunguko wa digrii 360 unaanza sakafuni vilevile. Jizungushe bila mpira pande zote mbili, uone upande ambao mwili unakubali bila kubishana. Mara nyingi unategemea mguu unaotua mwisho. Kichwa kitangulie, macho yaione ringi kabla mabega hayajamaliza kugeuka. Usifanye huu ukiwa umechoka, maana ukitua huku bado unazunguka, goti ndilo linalolipa, na mishipi ya ndani ya goti, yaani nyuzi zinazofunga mifupa pamoja, ikikatika hakuna mazoezi ya ukutani yatakayoirudisha.

Ile ya kupitisha mpira kati ya miguu, ambayo Isaiah Rider alishindia mwaka 1994 na Vince Carter akaifanya mwaka 2000 pale Oakland kwa mpira uliodundishwa na Tracy McGrady, iweke mwisho. Mpira unatoka mkono wa kushoto, unapita chini ya paja lililoinuliwa, unapokewa na wa kulia unaomalizia. Inadai nyonga zinazofunguka, kwa hiyo anza leo kunyoosha nyonga na nyuma ya mapaja, na fanya upitishaji huo ukiwa umesimama kila unapopumzika kiwanjani. Kwenye ringi ya mita 2.60 utaipata kabla ya mwaka kuisha ukijibidiisha. Kwenye ya mita 3.05 nadhani utahitaji sentimita nyingi juu ya danki yako ya kawaida, na huenda usizipate. Nakwambia ukweli huu ili usilivunje goti ukizitafuta. Danki kwenye ringi ya chini, iliyofanywa kwa ufundi, ni danki halali na inafurahisha wanaotazama.

Kila mtindo ukikukubali mara nyingi kuliko unavyokukataa, katika mazoezi matatu mfululizo, pandisha ringi sentimita 5. Usipandishe kwa sababu tu siku moja ulijisikia vizuri.

Upande wa mruko nitapita haraka kidogo, kwa sababu mazoezi yake yanajulikana na yanachosha kusimulia. Siku mbili kwa wiki ni za nguvu: kuchuchumaa na uzito mabegani, kuinua uzito kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku wa nyuma ukiwa juu ya benchi, na kunyanyuka kwa vidole vya miguu mashavu ya miguu yawake moto. Kama hakuna jimu karibu, ndoo za mchanga na begi lenye mawe zinafanya kazi kwa miezi ya mwanzo. Siku moja au mbili ni za kuruka, na hapo punguza tamaa: miruko 40 hadi 60 kwa siku inatosha kwa mtu wa hatua yako, ikiwemo ya kwenye ringi. Ruka kila mmoja kwa nguvu zote, pumzika mpaka pumzi irudi, kisha ruka tena. Mruko ukianza kupungua, funga siku. Kati ya siku mbili za kuruka weka angalau saa 48. Miruko ya kujengea nguvu ifanye kwenye nyasi, si kwenye zege, maana viwanja vyetu vingi ni zege tupu na siku za kuruka kwenye ringi zinakutosha kulipigia goti hilo. Kutua nako ni zoezi: miguu miwili, magoti yakunjike bila kuingia ndani, kimya. Kishindo maana yake mifupa imefanya kazi ya misuli.

Kula vya kutosha: maharage, mayai, dagaa, maziwa. Kilo 78 kwa urefu wako si mzigo, usijinyime. Ukifanya haya kwa uaminifu, mimi nakadiria sentimita 5 hadi 10 ndani ya miezi sita ya mwanzo, hasa kama hujawahi kubeba chuma, na zilizobaki kuja polepole zaidi.

Mambo machache ya ringi yenyewe, na hapa usinibishie. Vua pete kabla ya kuruka. Pete ya kidoleni ikinasa kwenye kulabu ya wavu wakati uzito wote wa mwili unashuka, inaweza kuchuna nyama ya kidole chote. Usining'inie kwenye ringi iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao. Ringi za mashindano zina springi inayojikunja ikivutwa. Zilienea baada ya Darryl Dawkins kuvunja mbao mbili za kioo kwa danki mwaka 1979. Za mitaani kwetu kwa kawaida hazina springi hiyo, na ukiivuta unaweza kushuka nayo pamoja na ubao. Ila kama chini yako kuna mtu, shika kidogo mpaka apite. Goli la magurudumu lisilojazwa uzito chini lisitumike kudankia hata kidogo. Linaanguka na kuua. Na baada ya mvua, kausha sehemu ya kuondokea, au ahirisha.

Kuhusu umri, hujachelewa. McClung alikuwa na miaka 26 aliposhinda mara ya tatu mwaka 2025, Nate Robinson miaka 25 mwaka 2010. Tena kuna faida ya kuanza ukiwa mtu mzima: mifupa imeshakomaa, na unaweza kubeba uzito bila hofu anayokuwa nayo kocha kwa mtoto wa miaka 13 ambaye bado anarefuka. Kinachobadilika na umri ni mapumziko, ambayo unayahitaji zaidi ya yule wa miaka 17 unayecheza naye.

Kwa wiki nne za kwanza, basi: ukuta kwa ajili ya goti, nguvu mara mbili kwa wiki, ringi ya chini mara moja tu kwa wiki, mpira wa wavu mkononi, danki ya mkono mmoja na upitishaji wa windimili ukiwa umesimama. Ringi ya juu iache kabisa. Goti likishakaa wiki mbili bila kulalamika asubuhi, nitumie video ya hatua zako mbili za mwisho, iliyopigwa kutoka ubavuni, na vipimo viwili: mfikio wako wa kusimama, na urefu halisi wa ringi ya kiwanja chenu.